Mzee Bado na Dakika Ishirini za Kupasha Mashine

Ndugu, jamaa na majirani, wasifu huu umeandikwa na fundi saa, kaka wa mjane, ambaye marehemu alimwita shemeji walipopatana na mbishi walipokosana. Ndiye pia anayeusoma. Hakujipendekeza kuupata. Marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, kwa sharti lililowekwa mbele ya mashahidi siku tisa kabla ya kifo chake. Katika sharti hilo kuna neno moja ambalo fundi saa huenda akalazimika kulitamka hapa mbele yenu kabla hajakaa. Na kama sauti yake itakuwa changamfu kuliko inavyopasa msibani, mvumilieni. Nyumba hii imetoka kwenye siku kumi za msisimko ambao haujapata kuonekana, na haujamtoka bado.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Bado, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mfua vyuma wa karakana hiyo na mama yake alikuwa mshonaji. Alichelewa kuzaliwa kwa majuma mawili, na mkunga akawaambia wazazi, "Msimkimbize, atakuja akiwa tayari." Mama alilisimulia jambo hilo maisha yake yote, na marehemu alilitumia kama ushahidi katika kila ubishi.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia Januari 1959 hadi Novemba 1965, kisha akaenda chuo cha ufundi, ambako alihitimu ufundi umeme mnamo Desemba 1969. Cheti chake kina maoni ya mwalimu wa karakana: "Kazi safi. Taratibu mno." Alikitundika ukutani, akiamini kuwa zote mbili ni sifa.

Tarehe 1 Machi 1971 aliajiriwa katika kituo cha redio kama fundi mitambo na mtunza santuri. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, hakina dirisha, kina rafu za santuri tangu sakafuni hadi darini, na mashine mbili za kuchezea santuri juu ya meza nzito ya mbao. Alifanya kazi humo kwa miaka thelathini na mitano na miezi minne. Kazi yake ilikuwa kufika kabla ya kila mtu, kuwasha mashine, na kuzipasha kwa dakika ishirini ndipo matangazo yafunguliwe. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba mashine ya santuri ni kama mwanariadha. Ukiitoa kitandani na kuiambia kimbia, itakimbia, lakini si mbio zake. Mtangazaji akija na santuri mkononi kabla ya dakika ishirini, jibu lilikuwa moja: "Bado." Mkurugenzi akija, "Bado." Jina likatokea hapo.

Fundi saa alikutana naye asubuhi ya tarehe 17 Julai 1979, na walikutana kwa ugomvi. Wakati huo fundi saa alikuwa na kibanda chini ya ngazi za jengo lililotazamana na kituo hicho. Kila asubuhi muziki wa kufungulia matangazo ulipigwa dakika tatu kamili, ukaisha, na mtangazaji akasema ni saa kumi na mbili. Fundi saa alikuwa akizirekebisha saa zote za kibandani kwa kusikia muziki huo unapoisha. Asubuhi hiyo ilikuwa ya baridi kali, na muziki ulikuja mzito, unajikokota. Fundi saa akazirekebisha saa zote za kibandani, akaona zote zinatofautiana na saa ya mkononi mwake kwa sekunde nne. Alivuka barabara akiwa na hasira na aproni kiunoni.

"Nani kachelewesha saa kumi na mbili?" aliuliza mlangoni.

Marehemu hakukana. "Ni mimi, ndugu. Basi limeniacha, nimefika saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Mashine sikuipasha. Ilikuwa baridi."

"Mashine si uji, bwana, eti ipashwe."

"Wewe umesikia ilivyovuta miguu. Unabisha nini?"

"Nabisha kwamba hiyo ni grisi! Grisi yako imezeeka, ikipata baridi inaganda. Toa grisi, tia mafuta mepesi, itaanza kuzunguka vizuri tangu sekunde ya kwanza."

"Itazunguka vizuri," alisema marehemu, "lakini haitaimba vizuri. Kuna kipande cha mpira kinachoshika sindano. Hicho nacho kinalala."

Huo ndio ubishi wote, ndugu waombolezaji. Haukuwahi kuongezeka wala kupungua kwa miaka arobaini na mitatu. Jioni ileile marehemu alimfuata fundi saa nyumbani ili aumalizie, na aliyefungua mlango alikuwa dada yake fundi saa, mwalimu wa hesabu, akiwa na chaki nywele nzima. Marehemu aliusahau ubishi kwa muda wa robo saa. Fundi saa aliitazama saa. Ni robo saa kweli, na haikujirudia.

Baada ya miaka mitatu ya kupasha moto uhusiano huo (maneno hayo ni ya mwalimu mwenyewe), walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982. Marehemu hakumruhusu mtu mwingine kugusa muziki wa sherehe. Ukumbi umejaa, bibi harusi amesimama katikati kwa ajili ya kufungua dansi, na bwana harusi amepiga magoti kando ya mashine, anaipasha. Wageni walisikilizishwa santuri ya kupashia. Kwa wasioijua, alikuwa na santuri moja aliyoiteua kwa kazi hiyo, kwa sababu hakutaka sindano ipashwe kwa wimbo wa maana. Ilikuwa ni mafunzo ya ufugaji wa kuku, sehemu ya kwanza. Sauti nzito ya kiume ikawaeleza wageni mia na ishirini namna ya kutambua ugonjwa wa kideri. Bibi harusi alivumilia hadi mahali panapozungumzia kinyesi cha kijani.

"Mume wangu," alisema, na ukumbi mzima ukasikia, "mimi niko tayari tangu asubuhi. Hiyo mashine itatukuta tunacheza."

Akamvuta, wakacheza bila muziki. Mungu aliwajalia watoto watatu, na wote walikulia katika nyumba ambamo wimbo wowote ulitanguliwa na kuku. Binti mkubwa leo ni daktari wa mifugo. Anasema hakuna uhusiano. Tunamwachia.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2006. Fundi saa alikuwa amepata duka lenye kaunta ndefu, na marehemu akakodi nusu yake. Upande wa kushoto saa, upande wa kulia mashine za santuri zilizoletwa na watu kutoka kila upande, maana mafundi wake wamebaki wa kuhesabika. Miaka kumi na sita walikaa kwenye viti viwili vinavyogusana mgongo. Mteja akija kujaribu mashine yake, marehemu angesema bado, haraka haraka haina baraka. Fundi saa angejibu bila kugeuka kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mteja angekaa. Wengi walikuja na haraka zao wakaondoka wamekunywa chai mbili na kupata rafiki, na fundi saa anakiri kwamba duka halijawahi kuchangamka namna hiyo kabla wala halitachangamka tena.

Hakuwa malaika. Alikuwa na kichwa kigumu, alikoroma, aliazima bisibisi ndogo na kuirudisha kubwa. Lakini alikuwa hajui kumdharau mtu. Katika ubishi wa miaka yote hiyo hakumwambia fundi saa neno moja la kuumiza, na fundi saa, kwa aibu, hawezi kusema vivyo hivyo kwa upande wake. Aliwahi kumwita mchawi wa vyuma mbele ya wateja. Marehemu alicheka tu.

Moyo wake ulianza kuchoka Februari 2021. Alilazwa mara tatu. Tarehe 2 Agosti mwaka huu wa 2022 daktari aliwaita mkewe na binti mkubwa, akawaeleza kwa upole kwamba zilizobaki ni siku, si miezi, na kwamba nyumbani ni pazuri kuliko wodini. Marehemu alirudishwa kwake, akawekewa kitanda sebuleni, mahali penye mwanga. Tarehe 4 Agosti alimwita fundi saa.

"Shemeji, tuumalize huu ubishi."

"Pumzika, bwana. Nani anajali habari za mashine sasa?"

"Mimi najali. Nikifa hivihivi utawaambia watu ulishinda. Nakujua."

Fundi saa alitaka kukana akashindwa, maana ni kweli.

Basi wakaweka masharti, mwalimu akiyaandika katika daftari la hesabu. Mashine itakuwa moja, na fundi saa ataisafisha kwa mikono yake, atoe grisi yote, atie mafuta mepesi, apime mzunguko wake hadi aridhike, ili isije ikasemwa ni grisi. Amplifaya na spika zitawashwa mapema kila siku. Kwa kuwa mashine hulala na kupoa mara moja tu kwa siku, jaribio litakuwa moja kila asubuhi, kwa siku kumi. Binti mkubwa atarusha sarafu chumba cha pili bila mtu kuona. Ikiangukia upande mmoja, ataipasha mashine kwa kuku dakika ishirini, spika zikiwa zimezimwa sauti. Ikiangukia wa pili, ataiacha baridi. Kisha atacheza wimbo mmoja, uleule kila siku, na marehemu atasema: imepashwa, au baridi. Mwalimu alipiga hesabu akasema mtu wa kubahatisha atapata tano, labda sita. Akipata nane kati ya kumi, marehemu ameshinda.

"Na atakayeshindwa?" aliuliza fundi saa.

"Ataandika wasifu wa mwenzake, ausome mwenyewe, na mwishoni aseme neno moja tu. *Nilikosea.* Mbele ya watu wengi."

"Na ukishindwa wewe, usome wasifu wa nani? Mimi mzima."

"Nikishindwa mimi, nawe utausoma vilevile, ila neno hilo hutalisema. Utakaa chini umenyamaza, mimi nitajua."

"Hao watu wengi tutawapata wapi?"

Marehemu alitabasamu. "Watakuja. Wiki ijayo hivi watajaa."

Mwalimu aliacha kuandika kidogo, kisha akaendelea.

Siku ya kwanza, tarehe 5, alisema baridi, na ilikuwa baridi. Siku ya pili alisema imepashwa, na ilikuwa imepashwa. Siku ya tatu alisikiliza, akatikisa kichwa kwa raha, akasema, "Hiyo imepashwa vizuri kabisa." Binti akasema, "Hapana, baba. Sikuipasha." Fundi saa aliruka kitini kwa furaha akagonga taa. Ndipo mwalimu akagundua kwamba pazia la chumba cha pili lilikuwa limefunguliwa tangu alfajiri na jua lilikuwa linaipiga mashine uso.

"Jua nalo si moto?" alilalamika marehemu. "Shemeji, kuwa na utu!"

"Daftari linasema kupashwa kwa kuku. Halijasema jua."

Ikaandikwa kosa. Kesho yake pazia lilipigiliwa misumari.

Habari zilitoka nje, nani alizitoa hatujui, ingawa jirani wa kulia hapa anainamisha kichwa. Siku ya nne majirani walikuwa wamejaa uani wakisubiri matokeo kama ya mpira. Muuguzi aliyekuja kumpima presha alikataa kuondoka kabla wimbo haujapigwa. Mwuza mkate alisimamisha baiskeli ukutani akiuliza, "Leo vipi?" na watu wakamjibu, "Nne kwa moja!" wakati huo ilikuwa siku ya tano. Siku ya sita, tano kwa moja. Siku ya saba, sita kwa moja! Marehemu, ambaye daktari alisema hatakaa tena, alikaa. Alidai kunyolewa. Aliomba shati lenye kola, akasema haendi kushinda akiwa na fulana. Fundi saa alikuwa hali wala halali, kwa sababu alianza kuona dalili za kushindwa, na pia kwa sababu alianza kutambua kwamba hataki zile siku kumi ziishe.

Siku ya nane marehemu alisinzia wimbo ukiendelea. Alipozinduka alisema baridi, na haikuwa baridi. Sita kati ya nane. Sasa alihitaji zote mbili zilizobaki.

Siku ya tisa, tarehe 13 Agosti, sauti ya marehemu ilikuwa imekwisha. Waliafikiana kwamba akimfinya mkewe mkono mara moja ni baridi, mara mbili imepashwa. Wimbo ukaanza. Chumba kizima kiliutazama mkono ule, umelala juu ya shuka, mkono wa mwalimu umeukumbatia. Ubeti wa kwanza ukapita. Kiitikio kikapita.

"Mara mbili," alisema mwalimu.

Binti alikuwa analia na kucheka. "Nimeipasha! Baba, nimeipasha!"

Saba kati ya tisa. Kelele zilizopigwa uani siku hiyo mlizisikia wengi wenu. Fundi saa aliinama akamwambia sikioni, "Usinitoroke, mzee. Imebaki moja." Marehemu alifumba jicho moja, kama afanyavyo akitazama ncha ya sindano. Siku hiyohiyo, saa kumi na dakika kumi alasiri, akiwa ameshikwa mkono na mkewe, aliaga dunia. Muda huo ni sahihi. Aliishi miaka sabini na mmoja, miezi miwili na siku nne.

Asubuhi ya tarehe 14 nyumba ilikuwa na waombolezaji kila chumba. Fundi saa alikuwa uani akipanga viti. Mwalimu alimfuata, akiwa na daftari.

"Kaka, leo siku ya kumi."

"Dada, mwenye masikio hayupo."

"Wewe unayo mawili. Nenda kakae."

Watu walimpisha. Aliketi kwenye kiti kando ya kile kitanda kilichotandikwa upya, akafumba macho. Chumba cha pili sarafu ilianguka sakafuni. Dakika ishirini zilipita. Fundi saa anataka mjue alikuwa anawaza nini. Alijua kwamba akijibu vibaya, daftari litasema saba kati ya kumi, na yeye atakuwa mshindi wa ubishi wa maisha yake. Alijua pia kwamba hakuna binadamu atakayeweza kumwambia hakusikia alichosema amesikia. Zaidi ya yote alikuwa na hakika hatasikia kitu, kama ambavyo hakuwahi kusikia kitu kwa miaka arobaini na mitatu, kwa sababu, na hili amelielewa baadaye, miaka yote hiyo wimbo ulipoanza yeye alikuwa bado anaongea.

Wimbo ukaanza. Magitaa yalikuwepo, mwimbaji alikuwepo, mwendo ulikuwa sawa kabisa. Lakini sauti ilikuwa imejikunyata. Yule mwimbaji aliimba kama mtu aliyejifunga shuka hadi mdomoni. Fundi saa alisubiri ipite. Haikupita. Ilikuwa wazi mno hata akaona haya.

"Baridi," alisema.

Binti alitokea mlangoni, macho mekundu. "Ni baridi, mjomba."

Mwalimu akaandika nane.

Mtu wa mahesabu atasema jibu moja ni bahati, na kwamba masikio ya mwingine hayahesabiki. Fundi saa alikuwa ameitunga hoja hiyo vizuri sana. Ameiacha nyumbani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alimgeukia dada yake akamuuliza kama yeye naye ameisikia ile baridi.

"Naisikia tangu mwaka themanini na tatu," alisema.

"Miaka yote hiyo! Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngekuwa mnabishania nini kila jioni pale kwangu?"

Marehemu ameacha mjane, mwalimu mstaafu wa hesabu, watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, wajukuu watano, kaka mmoja na dada mmoja, mashine kumi na nne za santuri, saba kati yake za wateja, ambao tunawaomba waje wazichukue, na shemeji mmoja, ambaye sasa anaiweka karatasi chini, maana sentensi iliyobaki haihitaji kusomwa.

Shemeji, watu wamejaa kama ulivyosema. Nilikosea. Pumzika kwa amani.